Kubadilisha Kordi Pole Pole Katika Wimbo wa Kwaya

Mtunzi anayeandikia sauti nne, kama kwaya nyingi za makanisa ya Nairobi zinavyoimba, anaweza kumhamisha msikilizaji kutoka kordi moja (noti kadhaa zinazosikika kwa pamoja) hadi nyingine bila kumshtua, mradi asisogeze sauti zote kwa pamoja.

Kwa noti za solfa (do, re, mi, fa, so, la, ti), mpe tenor, sauti ya juu ya wanaume, do; alto, sauti ya chini ya wanawake, mi; soprano, sauti ya juu ya wanawake, so; na besi, sauti ya chini ya wanaume, ishikilie do ya chini. Soprano ipande hadi la huku wengine wakitulia, na papo hapo wimbo utaingiwa na huzuni kidogo. Kisha alto itoke mi iende fa. Baadaye tenor itoke do iende re. Sasa re ya tenor inagongana na do ambayo besi haijaiachia, na mgongano huo, ambao wanakwaya wengine watadhani ni kosa la uchapaji, ndio utamu wenyewe. Uache udumu kidogo, ndipo besi ishuke hadi ti na soprano irudi so, tayari kurejea nyumbani kwenye do.

Badiliko liangukie silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, kwa kuwa ndipo mkazo wa Kiswahili ulipo.

Mbinu hii inasikika hata kwenye piano: mtunzi Chopin, katika Preludi (kipande kifupi cha piano) namba 4 ya Opus 28 iliyochapishwa mwaka 1839, anauacha mkono wa kulia karibu utulie kwenye noti mbili, huku kordi za mkono wa kushoto zikiteremka kwa nusu toni (hatua ndogo kabisa kwenye piano), mara nyingi noti moja baada ya nyingine.