Somo: Kununua pawabenki Mombasa bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Hamjambo wanachama. Wengi mmeniuliza pawabenki ninunue wapi, dukani ama onlaini, basi nimeonelea niandike hapa mara moja, manake hili jambo limeniuma mimi mwenyewe. Mwaka jana niliagiza moja onlaini, imeandikwa 20,000mAh (mAh ndo kipimo cha chaji inayobeba), bei rahisi ajabu, bodaboda akaileta hadi mlangoni nikalipa. Siku ya tatu niko foleni ya feri Likoni usiku, simu imezima, nyumbani mamangu anaumwa na mimi ndo nasubiriwa, naichomeka simu ikapanda hadi asilimia 30 tu halafu taa zote nne za pawabenki zikazima. Kesho yake muuzaji hapatikani. Nikampelekea fundi wa simu Mwembe Tayari, akaifungua, ndani mna seli mbili tu, yaani zile betri ndogo zinazoshika chaji, na kando yake kipande cha chuma kimebandikwa kwa gundi ili iwe nzito mkononi. Tangu siku hiyo sinunui kabla ya kupita hatua hizi.

Hatua ya 1: Jua unahitaji ngapi
Kama simu yako ina betri ya 5,000mAh, pawabenki ya kweli ya 10,000 itakujazia mara moja na nusu hivi, sio mara mbili. Sababu ni kwamba ile 10,000 huhesabiwa kwa volti 3.7 za seli za ndani, lakini kwenda kwa simu inatoka kwa volti 5, na nyingine inapotea kama joto. Kwa mtu wa kwenda kazini na kurudi 10,000 inatosha kabisa. 20,000 ni ya safari, ama mtaa ambao stima inapotea kila mara.

Hatua ya 2: Geuza, soma nyuma
Hapa ndo penye somo lote, tafadhali usiparuke. Namba kubwa ya mbele ni ya kuvutia macho tu. Nyuma, kwa maandishi madogo madogo, tafuta palipoandikwa "Rated Capacity", hiyo ndo inayotoka kweli. Kampuni inayojiheshimu ikiandika 10,000 mbele, nyuma itakwambia kama 6,000 hivi kwa volti 5. Ukikuta nyuma hakuna kitu, ama namba ni ile ile ya mbele, rudisha kwa shelfu. Tafuta pia Wh, yaani mAh ikishazidishwa kwa volti na kugawanywa kwa elfu, ndo kipimo cha nguvu yote iliyomo. 10,000mAh kwa volti 3.7 ni 37Wh, 20,000 ni 74Wh. Hesabu isipokubali, aliyeandika hajui alichokiweka ndani.

Na uzito, ndio, ipime mkononi, ya 10,000 huwa karibu gramu 200. Ikiwa nyepesi kama boksi la kiberiti hiyo ni feki moja kwa moja, lakini ikiwa nzito usiseme tayari ni nzuri, nishawaambia habari ya kile chuma.

Hatua ya 3: Anzia onlaini, hata kama utanunua dukani
Kaa kitako nyumbani, tafuta ile modeli yenyewe kwa jina na namba, angalia bei kwa wauzaji watatu wanne, piga skrinshoti. Sasa ukiingia maduka ya Digo Road ama Moi Avenue na ukaambiwa "mkubwa, hii mali orijino, elfu tatu na mia tano", wewe unajua kwingine ni ngapi, unaongea kwa adabu, bei ya mwisho inashuka. Riviu anza na zile za nyota moja, na zile ambazo mnunuzi ameweka picha yake mwenyewe.

Hatua ya 4: Dukani
Nenda na simu yako ina chaji kidogo, na kebo yako unayoiamini. Mwambie akufungulie boksi iliyofungwa, sio ile ya kwenye kioo ambayo imekaa juani miezi. Chomeka dakika kumi, tikisa kebo pole pole, chaji ikikatika tundu limelegea. Shika mgongo wake: vuguvugu sawa, moto hapana. Chapa nyingine kama Xiaomi huwa na namba ya siri ya kukwaruza, ikwangue ukiwa hapo hapo dukani na uihakikishe kwa tovuti yao. Ukilipa kwa Till, ile namba ya malipo ya duka, soma jina linalokuja kwa meseji ya M-Pesa, lifanane na duka. Risiti iandikwe modeli, tarehe na muda wa waranti, na iwe na muhuri.

Hatua ya 5: Ukiamua onlaini
Lipa baada ya kupokea na kufungua, na video iwe inarekodi tangu boksi halijakatwa. Usitume pesa kwa namba ya mtu binafsi, hata akulilie. Chagua duka rasmi la chapa yenyewe, na usome siku za kurudisha kabla ya kubonyeza oda.

Mimi kwa pawabenki bado nachagua dukani. Kava ya simu naagiza bila wasiwasi, lakini kitu chenye betri ya lithiamu ndani nataka nijue mlango wa kurudi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Kaka, risiti yangu imeandikwa mali ikiuzwa hairudishwi. Imekufa wiki moja tu. Nimeshapoteza?
Jibu: La, dadangu. Katiba ya 2010 kifungu cha 46 inakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Mtumiaji ya 2012. Maandishi ya risiti hayafuti hiyo. Rudi mapema, na boksi lake, uongee kwa upole kwanza, wenye duka wengi hubadilisha.

Swali: Naweza panda ndege nayo hapo uwanja wa ndege wa Moi?
Jibu: Ndio, lakini kwa begi la mkononi, sio lile la kupakiwa chini. Mpaka 100Wh haina shida, kwa hivyo 20,000 inapita. Ya 30,000 ni 111Wh, hiyo uombe ruhusa ya shirika la ndege kwanza. Na kama maandishi ya nyuma yamefutika wanaweza kuizuia.

Swali: Nimepata Anker ya mtumba, bei poa sana, nichukue?
Jibu: Angalia namba ya modeli kwanza ndugu yangu. Juni 2025 Anker waliita zirudishwe PowerCore 10000 modeli A1263 zaidi ya milioni moja zilizouzwa Marekani, kwa hatari ya kushika moto, na mitumba huja kutoka kila mahali. Ikiwa ni hiyo, iache.

Swali: Yangu imevimba ubavuni lakini bado inachaji vizuri tu.
Jibu: Mama, iache kuanzia leo. Usiichaji, usiitoboe, usiiweke kitandani wala karibu na watoto. Iweke nje kwenye sufuria kuukuu, mbali na jua na kitu cha kuungua, halafu uwaulize mafundi wa simu nani anapokea betri mbovu. Usiitupe kwa taka za nyumbani.