Kupiga Hema Karibu na Maji Nchini Uganda

Anayezunguka Uganda kwa gari na hema na aipange safari yake kwa saa ya kufika kambini kabla ya kuhesabu vivutio, kwa sababu mwaka mzima jua huzama karibu saa moja jioni na giza huingia ghafla. Ukifika saa kumi alasiri, utapata muda wa kuikagua ardhi kwa miguu kabla ya kukita kigingi cha kwanza.

Sipi, wilayani Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, kuna maporomoko matatu, na lililo refu zaidi hufikia takribani mita 100. Lami inafika, kwa hiyo gari dogo linatosha. Shida ni mteremko na mvua. Mimi niliwahi kupiga hema kwenye kibonde kilichokuwa laini kama godoro, chini ya shamba la kahawa, na saa nane usiku nikakuta viatu vyangu vinaelea mlangoni. Tangu siku hiyo humwaga kikombe cha maji mahali ninapotaka kulala: yakituama, nahama. Usilisogelee poromoko hadi rasharasha zake zikufikie, maana hema halitakauka hata asubuhi, na usisahau kutandika blanketi chini yako, kwa kuwa baridi ya mlimani hupandia ardhini.

Katika Hifadhi ya Ziwa Mburo, ambako ada ya kambi hulipwa mbali na kiingilio, wa kuogopwa ni kiboko. Mnyama huyu hutoka ziwani usiku kula majani na hurudi kwa njia zake zilezile, nawe utazitambua kwa nyasi zilizolazwa, udongo uliokanyagwa hadi kung'aa na kinyesi kilichotawanywa vichakani. Usilale juu ya njia hiyo wala kati yake na maji. Askari wa hifadhi atakuonyesha mahali salama ukimuuliza. Ukibanwa na haja usiku, fungua zipu kidogo, zungusha mwanga wa tochi pande zote, kisha ndipo utoke. Chakula, hata ndizi moja, kifungiwe ndani ya gari, kwani ngiri na nyani hawabishi hodi.

Ziwa Bunyonyi, karibu na Kabale, lina utulivu zaidi: liko juu ya mita 1,900, hivyo beba sweta. Kwa Ziwa Victoria na Albert, epuka kuoga kwenye kingo zenye magugu, maana konokono wa kichocho hukaa humo.

Ukielekea Murchison, ambako Mto Nile hubanwa kwenye ufa wa takribani mita 7 na kuporomoka zaidi ya mita 40, acha nyumbani nguo za buluu na nyeusi, kwa sababu mbung'o huvutwa na rangi hizo, na funga vioo vya gari tangu unapoingia hifadhini.