Kubadilisha giaboksi ya Canter ya bredauni, na ile PTO inayosahaulika

Wiki iliyopita nimemaliza Canter moja ya bredauni (lori la kubeba gari zilizoharibika), ya kitanda cha haidroliki na winchi, injini 4D33, inapiga kazi barabara ya Morogoro. Dereva aliniletea ikiwa inatoa gia ya tatu yenyewe, na alikuwa anaendesha mkono mmoja kwenye usukani mwingine kaukaza kwenye gia liva, huku mgongoni kabeba Noah ya mtu. Naandika hapa nilivyofanya kwa sababu bredauni sio sawa na Canter ya mchanga, giaboksi yake ndo inaendesha winchi na kitanda kupitia PTO (kiboksi cha ubavuni kinachochukua nguvu ya giaboksi kupeleka kwenye pampu ya haidroliki), na hapo ndo watu wengi wanapotea, na mimi miaka ya nyuma nilipotea siku mbili nzima.

Hatua ya 1: hakikisha ni giaboksi kweli

Gari isimame, injini inawaka, gia nyutro. Mlio ukiwepo umeachia klachi halafu ukakanyaga ukapotea, hiyo ni beringi ya shafti ya mbele au ya kaunta shafti (ile shafti ya pili ya ndani inayozungusha gia). Mlio ukija pale unapokanyaga, rilizi beringi (inayosukuma klachi iachie) imekwisha, giaboksi usiiguse bado. Gia zote zikikwaruza kuingia, klachi haiachii vizuri, anza na hewa kwenye mfumo na silinda ya chini. Ikikwaruza moja tu ni sinkro yake (ringi inayolinganisha mwendo ili gia iingie). Na mlio ukija pale tu unapowasha PTO, basi tatizo ni PTO yenyewe au pampu ya haidroliki, kuna mtu alishusha giaboksi nzima kwa kosa hilo.

Gia kutoka yenyewe, kabla ya kulaumu sinkro angalia maunti za giaboksi na bolti za belihauzingi (kava la klachi linaloshika giaboksi na injini), zikilegea injini inacheza gia inachomoka.

Halafu mwaga oili kwenye beseni safi. Uji mweusi kwenye sumaku ni kawaida. Vumbi la rangi ya dhahabu ni sinkro zinalika. Kipande unachoweza kukishika kwa kucha ni jino au beringi. Hii yetu ilitoa kipande kama punje ya mchele, kina upande mmoja unang'aa na mwingine umekwaruka mbichi, nikamwonyesha dereva kwenye kiganja, akasema "fundi, hilo ni jino kabisa hilo". Kweli lilikuwa la kaunta shafti.

Hatua ya 2: kutengeneza au kubadilisha

Msimamo wangu: beringi na sinkro moja au mbili, tengeneza. Jino la kaunta shafti likivunjika, nunua giaboksi nyingine iliyotoka Japani, kwa sababu shafti hiyo inatafunana na gia zote, ukiweka kaunta shafti mpya na gia za zamani zitalia, ukibadilisha zote umefika bei ya giaboksi nzima. Kuchomelea jino na kulichonga siwezi kumshauri mtu, hasa gari inayovuta gari nyingine mlimani.

Hatua ya 3: kununua

Gerezani na Shaurimoyo, Dar es Salaam, zipo nyingi, usiende bila ile ya zamani au angalau picha zake za pande zote. Hesabu meno ya splaini (mifereji ya shafti inayoingia kwenye klachi pleti) ya shafti ya mbele, yalingane na klachi pleti yako. Ingiza gia zote kwa mkono, zungusha, sikiliza. Shika shafti ya nyuma uitikise juu na chini. Mwambie muuzaji afungue kifuniko cha ubavuni, na akikataa kufungua mimi naondoka, kwa sababu kile kifuniko kinafunika dirisha la PTO na bila kuona ndani hujui unanunua nini. Nyingine hazina dirisha kabisa, ubavu umeziba. Nyingine lipo ila gia ya ndani ina meno yenye mlalo tofauti na gia ya PTO yako, na meno yenye mlalo tofauti hayakutani hata upige nyundo. Hesabu, piga picha, linganisha. Usilipe kabla.

Hatua ya 4: kushusha

Hapa nasema kwa msisitizo. Hendibreki ya Canter ipo nyuma ya giaboksi, inashika propela (shafti ndefu inayokwenda kwenye difu), haishiki magurudumu. Maana yake ukifungua propela tu, hendibreki uliyovuta haina kazi tena, gari inabaki huru na wewe uko chini yake. Weka magogo matairi yote mbele na nyuma kabla hujagusa bolti ya kwanza, sio jiwe moja la kuokota.

La pili, usifanye kazi chini ya kitanda kilichoinuliwa na haidroliki peke yake. Ukifungua paipu ya pampu kitanda kinashuka. Kama umekiinua kupata nafasi, weka nguzo ya chuma inayobeba uzito.

Mengine unayajua: propela (weka alama ya rangi kwenye flanji zake zirudi zilivyokuwa, usije kuanza kutafuta mtetemo), kebo za gia, waya wa rivasi, kebo ya spidi, silinda ya klachi, krosi memba. Paipu za haidroliki zizibe kwa plagi au nailoni safi na mpira, mchanga ukiingia pampu imekwenda. Tumia jeki ya giaboksi. Vijana wawili kuibeba kifuani sikubali, na isining'inie kwenye shafti ya mbele wakati inatoka, klachi pleti inapinda na hutajua mpaka ufunge.

Hatua ya 5: klachi

Ukishashusha badilisha klachi pleti, rilizi beringi na ile beringi ndogo ya kwenye flaiwili, yote. Flaiwili ikiwa na madoa ya bluu peleka ikachongwe. Upande wa pleti ulioandikwa "flywheel side" uelekee flaiwili, na kuweka katikati tumia shafti ya mbele ya giaboksi mbovu. Grisi kwenye splaini ni ya kupaka na kufuta.

Hatua ya 6: PTO

Hapa chukua muda, kaa kwenye kigoda.

PTO ni kile kiboksi kinachokaa ubavuni, gia yake inaingia dirishani inakutana na gia ya ndani ya giaboksi. Umbali kati ya gia hizo mbili haupangwi na bolti, unapangwa na unene wa gasketi. Hilo mimi nilikuwa silijui. Mara ya kwanza kufanya kazi hii nilikwangua gasketi ya zamani nikaitupa bila kuiangalia, nikapaka silikoni, nikafunga PTO chuma kwa chuma. Tulivyowasha ikalia wiiii mpaka watu wa gereji ya pili wakaja kuangalia, na baada ya dakika kumi kiboksi hakishikiki kwa moto. Nikafungua, nikakata gasketi mbili za karatasi nene, nikafunga, sasa ikawa inagonga kama sufuria yenye kokoto. Nikatoa moja, bado. Nimeshinda na kulala hapo, mwenye gari anapiga simu kila saa kwa sababu kuna gari imekwama Chalinze inamsubiri, mpaka fundi mmoja wa mashine ya kuchonga, mzee wa watu, akaja na ile saa yake ya kupimia (dial gauge, mshale wake unasoma sehemu ndogo za milimita) akaniambia "kijana, usibahatishe, pima".

Kwa hiyo pima hivi. Ukitoa PTO ya zamani itoe na gasketi zake, usikwangue kwanza, zihesabu na uzipime unene kwa venia, andika. Huo ndo mwanzo wako, ila sio jibu, giaboksi mpya inaweza kutofautiana kidogo. Funga PTO kwenye giaboksi mpya ikiwa bado iko chini na gasketi za unene ule ule, kaza bolti kidogo kidogo kwa msalaba. Fungua kifuniko cha ukaguzi cha PTO, weka ncha ya saa ya kupimia kwenye jino la gia ya PTO, msaidizi aizuie gia ya giaboksi kwa bisibisi isicheze, halafu wewe itikise gia ya PTO mbele na nyuma kwa vidole. Mshale unavyotembea ndo mchezo wa meno. Unataka 0.15 mpaka 0.30 milimita. Chini ya hapo imebana, italia na kuchemka. Juu ya hapo imelegea, itagonga na kula meno.

Gasketi ya robo milimita inabadilisha mchezo kama 0.15, ya nusu milimita kama 0.30. Mfano hii ya juzi ilisoma 0.42 na gasketi mbili, moja ya nusu na moja ya robo, nikatoa ya robo ikashuka mpaka 0.27, nikaishia hapo. Usifunge bila gasketi kabisa, lazima iwepo angalau moja. Na silikoni achana nayo hapa, inaongeza unene usioupima na ikikatika inatembea na oili. Gasketi za PTO zinauzwa kwa unene wake, usikate karatasi ya boksi. Saa ya kupimia kama huna, azima, mafundi mashine wote wanazo.

Kama huna kifuniko cha ukaguzi, pima kwenye shafti ya kutokea, ila hapo utakuwa unasoma na mchezo wa gia za ndani ya PTO pia, kwa hiyo usichukue namba hizo za juu kama zilivyo.

Hatua ya 7: kupandisha

Kinyume cha kushusha. Isipoingia, usiivute kwa bolti, zungusha shafti ya nyuma ikiwa kwenye gia mpaka splaini zikutane, itaingia yenyewe mpaka mwisho. Safisha breza ya juu (tundu la giaboksi kupumulia) kabla haijafichwa na chesisi, ikiziba oili inatokea kwenye sili na utalaumu sili.

Hatua ya 8: oili na majaribio

Nunua ile ambayo kitabu cha gari kinasema, mimi kwa giaboksi zenye sinkro za shaba natumia oili ya daraja la GL-4, na GL-5 naiacha kwa difu, hata muuzaji aniambie ni ile ile. Jaza mpaka ianze kumwagika kwenye tundu la pembeni. PTO inakunywa oili hiyo hiyo, kwa hiyo washa, kanyaga klachi, ingiza PTO, iache izunguke sailensa (bila kukanyaga mafuta) dakika tano bila mzigo, zima, angalia kimo tena, lazima utaongeza.

Sikiliza. Inua kitanda kitupu mara tatu. Vuta winchi bila gari. Halafu nenda barabarani gia zote, PTO ikiwa imetolewa, na mwambie dereva mbele ya bosi wake kwamba kutembea na PTO imeingia kunaua pampu, na taa yake kwenye dashibodi kama imeungua ibadilishwe siku hiyo hiyo. Huyu wa kwangu taa yake ilikuwa imekufa muda mrefu, balbu tu.

Baada ya wiki moja ya kazi irudi, kaza bolti za PTO tena, zinalegea kidogo gasketi zikishakaa. Ya kwetu imerudi jana, bolti mbili zilikubali robo mzunguko, oili haijavuja, na gia ya tatu inakaa.