Kutunza Kalsiamu na Alkali kwa Maji ya Chokaa katika Tangi la Matumbawe

Matumbawe magumu hujenga mifupa yake kwa kalsiamu na kabonati yanazozitwaa majini, hivyo katika tangi akiba ya vyote viwili hupungua kila siku. Maji ya chokaa, yaani maji yasiyo na chumvi ambamo haidroksidi ya kalsiamu imeyeyushwa, huirudisha akiba hiyo kwa uwiano uleule inavyotumika: takriban miligramu 20 za kalsiamu kwa lita kwa kila dKH 2.8 za alkali (alkali hapa huonyesha hasa kiasi cha kabonati kilichomo majini, na dKH ni kizio chake). Faida hiyo ndiyo pia mpaka wake, kwa sababu maji haya hudumisha uwiano uliopo na hayawezi kuunyoosha uliopotoka. Kwa hiyo pima kwanza. Ikiwa kalsiamu haipo kati ya miligramu 380 na 450 kwa lita, au alkali haipo kati ya dKH 7 na 11, rekebisha kila kimoja kwa chumvi yake, kloridi ya kalsiamu au bikabonati ya sodiamu, ndipo uanze chokaa.

Tumia chokaa safi ya kiwango cha chakula. Chokaa ya ujenzi haifai, kwani mara nyingi huwa na magnesiamu nyingi na uchafu usiojulikana. Vaa glavu na miwani ya kukinga macho, maana unga wake huchoma, na maji yake yakikolea hufikia pH ya 12.4 hivi.

Katika chombo cha plastiki chenye mfuniko, tia maji yaliyochujwa hadi kuondolewa madini, kisha gramu 2 za chokaa kwa kila lita. Ni takriban gramu 1.7 tu zitakazoyeyuka, na zinazobaki zitatuama chini. Koroga vizuri mara moja, funika, uyaache yatulie kwa saa kadhaa hadi yawe maangavu. Usiyakoroge tena na tena, wala usiyapulizie hewa: kabonidioksidi ya hewani hugeuza chokaa iliyoyeyuka kuwa kabonati ya kalsiamu, unga mweupe usiolisaidia tangi. Utando mwembamba utakaoganda juu umetokana na jambo hilohilo, nao usiuondoe, kwa kuwa hupunguza hewa inayopenya. Mdomo wa mrija utakaoyachota maji uwe juu ya machicha yaliyotuama, kwa sababu humo ndimo sehemu kubwa ya uchafu wa metali hunaswa.

Maji haya huchukua nafasi ya yale yanayopotea kwa mvuke, wala hayazidi hapo, la sivyo chumvi ya tangi itashuka. Tangi la lita 200 linalopoteza lita 2 kwa siku, likijaziwa maji ya chokaa yaliyokolea, hupata takriban miligramu 8 za kalsiamu kwa lita na zaidi kidogo ya dKH 1 ya alkali. Iwapo matumbawe yako bado ni machache, kiasi hicho kitazidi mahitaji. Anza na nusu gramu kwa lita, kisha ongeza kadiri vipimo vinavyoonyesha. Mimi hutazama alkali kabla ya kalsiamu, kwa sababu upungufu mdogo huonekana upesi zaidi kwenye alkali.

Mwendo wa kuyatia ndio unaohitaji uangalifu kuliko yote. Lita 2 zikimwagwa kwa mkupuo mmoja hupandisha pH ghafla. Zikidondoka kwa saa 10, kwa mrija wa dripu unaotoa tone moja na ushei kwa sekunde, tangi huzipokea bila shida. Wakati mwafaka ni usiku, pH inaposhuka yenyewe kwa kuwa mwani hautumii kabonidioksidi gizani. Matone yaangukie penye mkondo mkali, mbali na matumbawe yenyewe. Ukitumia pampu inayoongozwa na boya, chombo cha chokaa kisiwe na maji mengi kuliko tangi linavyoweza kuhimili yote yakiingia kwa pamoja, maana boya hukwama.

Matumbawe yakikua, mvuke hautatosha kubeba chokaa yote inayohitajika. Mililita 10 za siki nyeupe kwa lita ya maji ya chokaa huwezesha takriban gramu 0.3 zaidi kuyeyuka, na bakteria huila siki hiyo tangini. Zaidi ya hapo, tafuta njia nyingine ya kuongezea. Pima magnesiamu pia mara kwa mara, na uondoe ukoko kwenye hita na pampu kwa kuviloweka katika siki, nje ya tangi.

Maji ya tangi yakigeuka kama maziwa, zima mrija mara moja na upime pH. Ikiwa haijapita 8.6, acha mkondo uendelee na usubiri. Ikiwa imepita, tia siki taratibu, mililita 1 kwa kila lita 4 za tangi, kisha upime tena. Weupe ukishatoweka, pima alkali kabla ya kurudisha chokaa, kwani sehemu ya alkali hiyo imeganda pamoja na kalsiamu na huenda sasa imepungua badala ya kuzidi.