Mtoto analia juu ya daftari na wewe unataka kulia: cha kufanya siku hiyo

Mama zangu mnaofundisha watoto nyumbani, leo naongea na wewe ambaye saa nne asubuhi umeshafoka mara tatu na sasa umejifungia bafuni unajifanya unaoga. Nakujua vizuri, maana mwaka wangu wa kwanza mimi na bafu tulikuwa marafiki sana.

Kwanza kabisa funga daftari. Usingoje amalize swali. Mtoto akishaanza kulia hakuna kinachoingia tena kichwani, hapo anachojifunza ni kwamba hesabu ni kitu kinachomnunisha mama, basi. Mwambie tu "tupumzike kidogo", bila hotuba, mwache akacheze na wewe kaa chini unywe maji. Mkirudi baada ya nusu saa sawa, msiporudi leo pia sawa.

Ukishatulia ndo ujiulize kimekwama nini, maana mara nyingi mtoto sio mvivu na wewe sio mwalimu mbovu, ni njia tu haijamfikia. Wa kwangu wa pili alinisumbua siku tatu na 43 kutoa 27. Kila nikimpa anaandika 24. Mimi namwambia "3 haitoi 7, kopa kwa jirani", anatingisha kichwa kabisa kwamba ameelewa, anaandika 24. Nikawa naongeza sauti, kama vile tatizo liko kwenye masikio! Kumbe mwenzangu anageuza, anaona 3 ni ndogo basi anafanya 7 kutoa 3, anapata 4 yake, maisha yanaendelea. Siku ya nne nikatafuta vijiti, nikavifunga kumi kumi kwa mpira, mafungu manne na vitatu pembeni, nikamwambia nipe 27. Akasogeza mafungu mawili, akachukua vile vitatu, vikaisha, akakaa anaviangalia weeee, halafu bila kuambiwa na mtu akavuta mpira wa fungu moja vijiti vikamwagika mezani. "Kumbe hii kumi inafunguka!" Akahesabu vinne, vikabaki kumi na sita, na toka siku hiyo hatujagombana tena kwa hesabu za hivyo. Na ukiwaza vizuri hilo neno kukopa lenyewe linachanganya, maana huyo jirani harudishiwi kitu hata siku moja.

Kwahiyo kabla hujarudia maelezo yaleyale kwa sauti kubwa zaidi, badilisha kitu kilichoko mkononi mwake. Vijiti, kamba, kuchora chini kwenye vumbi, chochote anachoweza kukishika.

Halafu kuna hili la masaa, ambalo naona ndo linatuua wengi. Unatengeneza ratiba kama ya shule, saa mbili mpaka saa nane, kila somo na kipindi chake, wiki mbili nyingi mmechoka wote. Mwalimu wa darasa la watoto 40 anahitaji kipindi kirefu kwasababu humo ndani kuna kuita majina, kunyamazisha, kugawa madaftari, kusahihisha foleni nzima. Wewe una mmoja, au watatu. Kwa mtoto wa miaka sita saba mimi sizidishi masaa mawili ya kukaa mezani kwa siku, tena yamekatwa vipande vipande, yanayobaki ni kucheza na kunifuata nyuma na maswali yake. Sio uvivu huo. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki 1923, alikuwa anataka masomo ya watoto wadogo yasizidi kama dakika 20 kila moja, yaani aache wakati akili bado ina hamu.

Huyohuyo mama ndo alisisitiza sana usimulizi, na hii ikikukolea utaacha kuhangaika kutunga mitihani. Unamsomea mara moja tu, unafunga kitabu, unamwambia nisimulie. Atasema sentensi mbili mbovu mwanzoni, we vumilia na USIMKATIZE hata akikosea jina, marekebisho yatakuja akimaliza. Baada ya miezi kadhaa utashangaa anavyopanga mambo.

Na ile ya jana alikuwa anajua leo amesahau, usiione kama kazi yako imepotea. Mjerumani mmoja anaitwa Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana akachapisha majibu 1885, akaonyesha kwamba kusahau kunakuja haraka sana mwanzoni. Mtu mzima huyo, sembuse wa kwako. Dawa ni kurudia kidogo kidogo, kesho, halafu baada ya siku tatu, halafu wiki, dakika tano zinatosha.

Kitu kingine, nunua daftari moja la kwako na kila jioni andika mlichofanya, sio mlichopanga. "Amesoma kurasa mbili, tumepima meza kwa rula, ameuliza kwanini mwezi unatufuata." Siku ukiona hufanyi chochote fungua ulichoandika miezi miwili nyuma. Halafu linakusaidia kisheria pia, maana kila nchi na mambo yake, Marekani majimbo yote 50 wanaruhusu lakini masharti ni tofauti kila jimbo, Ujerumani ndo wamekaza karibu kabisa, kwahiyo jua sheria za nchi yako zinasemaje na utunze kumbukumbu zako na kazi chache za mtoto zenye tarehe.

Ndugu watakaouliza "sasa huyu atapata wapi marafiki", wajibu kwa ufupi tu ubadilishe mada, huna deni la kuelezea familia nzima. Ila marafiki mtafutie kweli, hilo swali lina maana hata kama linakera.

Na wewe jiwekee siku moja katika wiki isiyo na daftari. Kabisa. Mimi ya kwangu ni Jumatano, na nikiikosa nyumba nzima inajua.

Kesho asubuhi usianze na kile kilichomliza leo. Anza na anachokiweza, msomee hadithi yeye akiwa anachora, acheke kidogo. Lile swali lirudishe baadae, vijiti vikiwa tayari mezani.