Nguo yenye damu usiiloweke kwa javeli

Kuna bulauzi moja ya ushahidi siisahau, mama alileta kwa santri moja ya afya hapa Bukavu, infirmie mwenye roho nzuri akaona damu akailoweka kwa javeli, ile dawa ya klori, tulipofika kuiuliza ilikuwa safi pe, imekunjwa vizuri. Ushahidi wote umeisha.

Simlaumu, juu Ebola njo ilitufundisha ivo. Toka Agosti 2018 mpaka Juni 2020 kila fasi ilikuwa klori, 0.05% ya mikono, 0.5% ya vyombo na sakafu, na iliokoa watu. Lakini klori haichagui, ile ile inayovunja virusi inavunja na ADN, ile alama ya mwilini inayotambulisha mtu aliyefanya ubaya, na ni hiyo ADN tunayoitafuta. Otoklavu, ile mashini ya mvuke wa moto, nayo inaiharibu, formoli ya kuhifadhi maiti pia, na taa ya UV, basi usijidanganye eti nitaua mikrobu kwanza, ushahidi utabaki.

Sasa unafanya nini? Jikinge wewe, kitu ukiache. Vaa glavu, ukiweza pea mbili, maski, blauzi ya kazi, na badilisha glavu za juu kila ukigusa nguo ingine, sababu damu ya hii ikigusa ile avoka atauliza na atakuwa na haki. Piga picha mbele ya kugusa.

Halafu kausha, hapa njo watu wanakosea zaidi. Nguo mbichi kwa sashe ya plastiki inatoka jasho, inaoza, kuvu na bakteria wanakula ADN, siku chache tu unafungua unakuta harufu. Tandika karatasi safi, nguo moja karatasi moja, ndani ya chumba chenye ufunguo na hewa, si kwa jua, si karibu na makala ya moto, na ventilateri usiielekeze kwa nguo juu itapeperusha nywele. Musimu wa mvua inachelewa, vumilia. Ile karatasi ya chini usiitupe, ifunge pamoja, kile kilichodondoka kiko pale. Kati ya mikunjo weka karatasi ili doa lisihamie upande mwingine.

Ikikauka inaingia anvelopu ao mfuko wa karatasi, unafunga na skochi, unatia sinyatiri juu ya skochi, unaandika tarehe, saa, nani amekupa na nani amepokea. Hapo sasa javeli ao alkoli 70% inaruhusiwa, lakini kwa meza na kwa glavu zako, si ndani ya mfuko, na mfuko wa karatasi usiuloweshe. Andika kubwa kwamba iko na damu. Kukauka si kupona: virusi vya epatiti B vinaweza kukaa hai siku 7 ao zaidi kwa damu iliyokauka, basi mtu wa pariki, ofisi ya mwendesha mashtaka, naye anahitaji glavu. Kisu kifunge kwa kartoni ngumu kisitoboe, sindano kwa kopo gumu. Na kwa sisi ambao kurani ya umeme inakatika kila saa, uzuri wa kitu kikavu ni kwamba hakihitaji frigo, damu ya maji njo inahitaji.

Kama mgonjwa anashukiwa Ebola, usikaushe, usifungue, usiguse kabisa, ita timu ya riposti inayopambana na Ebola, uhai unapita dosie ya kesi. Maabara kubwa zina miale ya gama, inaua mikrobu na mara nyingi alama za ADN zinaweza bado kusomwa, lakini kama ushahidi ni simu, memori yake inaweza kuharibika, njo maana wanauliza kwanza: tunatafuta nini hapa, ADN, alama za vidole ao meseji? Wanachukua sampuli, halafu ndipo wanasafisha.

Na kama mtu amebakwa, mpeleke kwa munganga mbele ya yote, dawa ya kuzuia VVU inaanza ndani ya saa 72. Mwambie asinawe kama anaweza, na akiwa amenawa mpokee vilevile.