Somo: Namna ya kuchagua bastola ya silinda iliyosawazika kwa matumizi ya nje

Somo hili linawahusu wenye cheti cha kumiliki silaha chini ya Sura ya 114, yaani Sheria ya Silaha ya Kenya, hasa wale wanaoishi Nairobi huku mifugo na mashamba yao yakiwa mbali na mji. Si somo la uwindaji, kwani uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977.

Hatua ya kwanza ni mtutu. Wa inchi 2 hufichika vyema lakini ni mgumu kulengea shabaha. Wa inchi 6 hulenga vizuri, ila huvuta mkono chini na kukwama kwenye miiba na mkanda wa gari. Nilinunua wa inchi 6 kwa kupendezwa na umbo lake, na baada ya miezi michache nikaona ningechukua wa inchi 4.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo kiini cha somo, ni kupima usawa wa uzito. Fungua silinda, lile gurudumu linaloshika risasi, na uhakikishe kwa macho yako kwamba matundu yote ni matupu, hata kama muuzaji amekwisha kukuonyesha. Kisha omba risasi bandia zenye uzito wa kweli, kwa sababu risasi sita za kipimo cha .357 Magnum huongeza takriban gramu 90, na bastola iliyotulia ikiwa tupu huweza kubadilika ikijazwa. Elekeza mtutu upande salama, kidole kikiwa nje ya kifyatulio, unyooshe mkono na uhesabu hadi ishirini: mtutu ukianza kuinama, uzito umezidi mbele. Bastola ya chuma kama Ruger GP100 ya inchi 4 hupita kilo moja, na uzito huo, ukikaa karibu na kiganja, hupunguza mrusho wa bastola inapofyatuliwa.

Ala ya kubebea bastola iwe ngumu na ifunike kifyatulio chote.

Swali: Mwalimu, vidole vyangu ni vifupi. Nifanye nini?
Jibu: Badilisha mpini kwanza, ndugu yangu. Kidole kifikie kifyatulio bila kiganja kuhama.

Swali: Naweza kuingia nayo katika mbuga ya taifa?
Jibu: Usiingie nayo bila idhini, cheti chako pekee hakitoshi.

Swali: Je, .38 Special hutumika katika bastola ya .357?
Jibu: Ndiyo, lakini .357 haitumiki katika ya .38. Risasi za .38, ambazo ni fupi zaidi, huacha duara la masizi ndani ya matundu, nawe ulisugue kabla ya kurudia zile ndefu, la sivyo zitakwama.